Kifurushi cha vikao 24: kisa cha mgonjwa wa kiharusi, mashine mpya na dawa za presha zilizopunguzwa

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, kwenye kliniki binafsi ya fiziotherapia. Majina, umri kamili, mtaa na vitambulisho vingine vimeondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili mgonjwa na familia yake wasitambulike. Mimi nilialikwa kutoka nje kuongoza kikao cha kupitia faili baada ya mambo kutulia. Nimeandika kwa ajili ya wenzangu wa fani, na pia kwa familia zinazouguza mtu wa kiharusi na kujikuta zinatakiwa kuamua haraka kuhusu hela nyingi.

Usuli

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka sitini na kitu, seremala wa boti tangu ujana wake. Nitamwita Fundi. Kiharusi kilimpata upande wa kushoto wa ubongo: mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakawa hayatoki. Alielewa karibu kila alichoambiwa, ila kujibu kwake kulikuwa "ndiyo", "bado", na maneno machache yaliyojitokeza kwa taabu. Jambo hili liwekwe akilini, maana kwa wiki kadhaa watu walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Bima ya afya hakuwa nayo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni mwaka 2023, lakini kaya yake ilikuwa haijaandikishwa popote. Nyumba ilitegemea vitu viwili: mkewe anayeuza maandazi na chai asubuhi, na binti yao mkubwa anayefanya kazi za ndani Muscat. Baada ya siku tisa wodini, Fundi aliruhusiwa akiwa na dawa mbili za presha za kumeza kila siku na karatasi ya kumpeleka fiziotherapia.

Kliniki yenyewe ina wataalamu watatu. Mmiliki ni mtaalamu wa fiziotherapia wa siku nyingi, mtu anayeheshimika. Alikuwa amekopa benki kununua mashine ya kufundisha kutembea: mkanda unaozunguka chini, mikanda ya kumning'iniza mgonjwa kiunoni na kifuani, miguu ya roboti inayomsogeza hatua kwa hatua, na skrini mbele yake. Kikao cha kawaida kilikuwa shilingi 30,000, cha mashine 90,000. Kila mfanyakazi aliyemwandikisha mgonjwa kwenye kifurushi cha mashine alipata kamisheni ya 5,000 kwa kila kikao, awe mtaalamu aliyempima au mhudumu wa mapokezi.

Mambo yalivyokwenda

Video fupi ya mashine ilimfikia binti Muscat kupitia kundi la familia. Ilionyesha mtu akitembea wima ndani ya mikanda, na maandishi juu yake yakisema kiharusi sasa kina teknolojia. Alipiga simu kliniki, akajibiwa na mapokezi, akaambiwa kifurushi ni vikao 24 kwa shilingi 2,160,000, na ukilipa mapema unapewa nafasi. Akatuma hela yote kwa mkupuo, sehemu ya mshahara wake na sehemu aliyokopa kwa wenzake. Baba yake hakuulizwa. Mama aliulizwa kwa namna ya kuarifiwa.

Fundi alianza wiki ya tano tangu apate kiharusi. Mtaalamu wa kwanza aliandika kwenye faili mistari minne: udhaifu upande wa kulia, anafaa kwa mashine, kifurushi kimelipwa, aanze. Presha haikupimwa. Mwendo haukupimwa. Lengo la mgonjwa halikuandikwa. Vikao vitano vikafanyika, na kwenye kikao cha tatu akarekodiwa video.

Kisha mtaalamu huyo akahamia kwingine, faili likaangukia kwa mwenzake, mwanamke mwenye uzoefu wa miaka michache ambaye nitamwita Bi. S. Yeye alianza upya kama vile mgonjwa ndiyo kwanza anafika. Presha: 168/98, na baada ya kupumzika dakika kumi, 166/96. Mwendo wa mita 10 sakafuni, akiwa na fimbo na mtu mmoja wa kumshika: sekunde 38. Ncha ya mguu wa kulia ilikuwa inaburuza chini kwa kila hatua.

Akamuuliza mama kuhusu dawa. Mama akafungua mkoba, akatoa kadi ya hospitali, na ndani ya kadi paketi mbili za vidonge zilizofungwa kwa mpira. Vidonge vilikuwa vingi kuliko vilivyotakiwa kubaki kwa tarehe ile. Bi. S alivihesabu, akanyamaza, akavihesabu tena. Mama akasema, "Tunavivutavuta, mwanangu. Leo tunampa, kesho tunaacha, ili vifike mwisho wa mwezi. Hela yote iko kwenye mashine."

Nauli ya bajaji nayo ilikuwa 16,000 kwenda na kurudi. Kwa vikao 24 hiyo ni 384,000, na hakuna aliyeitaja wakati kifurushi kinauzwa. Siku za kliniki mama hakukaanga maandazi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa papo hapo. Bi. S alisimamisha mashine siku ile. Kwa vipimo vyenyewe presha ile haikumzuia mgonjwa kufanya mazoezi mepesi, lakini mtu aliyepata kiharusi na anayemeza nusu ya dawa zake yuko hatarini kupata cha pili, na hatari hiyo haiondolewi na mashine yoyote ya miguu. Utafiti wa PROGRESS, uliochapishwa 2001 ukiwa na wagonjwa 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda, ulionyesha kwamba dawa za kushusha presha zilipunguza viharusi vya kurudia kwa asilimia 28. Hayo ni matokeo ya vidonge vya bei ndogo. Akawaandikia barua ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa kubadili dawa si kazi ya fiziotherapia, na akampigia tabibu wa zamu ili familia isirudishwe mlangoni.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: kuzungumza na mmiliki. Hoja za mmiliki zinastahili kusikilizwa, na sikubaliani na wanaozipuuza. Alisema mkopo unalipwa kila mwezi mashine ikae au ifanye kazi, na mashine ikikaa, mtu wa kwanza kupunguzwa kazi atakuwa mmoja wa hao wataalamu watatu. Alisema binti ni mtu mzima aliyeamua kutumia hela yake kwa baba yake, sisi ni nani tumwamulie? Na alisema wakiwakatalia wagonjwa, watakwenda kliniki nyingine ambako hakuna atakayewapima presha hata mara moja. Bi. S alikubali kwamba hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini akasema deni la kliniki haliwezi kuwa sababu ya kitabibu kwenye faili la mgonjwa. Kwa hoja ya pili alijibu kwamba binti aliamua bila kupewa habari, na anayelipa siye anayetibiwa. Ya tatu hakuijibu. Alisema tu kwamba wao wanapima.

Uamuzi wa tatu ndio ninaouona wa thamani kuliko yote. Bi. S alimuuliza Fundi mwenyewe. Alichora kadi kwenye karatasi ngumu: mashine, ngazi, choo, soko, boti ufukweni, bomba la maji na kibao cha kukalia, msikiti. Akaziweka mezani, akasubiri. Fundi alisogeza kadi ya msikiti kwa mkono wa kushoto, kisha ya bomba, akaziweka pamoja. Halafu akagusa goti lake la kulia na kulivuta juu kwa mkono, kuonyesha asichoweza. Alitaka kwenda msikitini kwa miguu yake na kutawadha bila kuoshwa miguu na mtu mwingine. Mkewe alilia. Kwa wiki saba nyumba nzima ilikuwa inapanga namna ya kumtembeza, na hakuna aliyejua anataka kutembea kwenda wapi.

Kutawadha ni kazi ya kukaa chini kwenye kibao kifupi, kuinama, kuinua mguu mmoja huku uzito ukihama, kuinuka mahali penye maji. Mashine haifundishi hata kimoja katika hayo.

Ndipo ikapangwa simu ya video na binti Muscat, baba akiwa ameketi mbele ya skrini. Bi. S aliwaeleza kwa lugha nyepesi utafiti unasema nini. Mwaka 2009 kulichapishwa utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 63 ambao kiharusi chao hakijatimiza miezi sita na ambao tayari waliweza kutembea kiasi, kwa kasi ya kati ya mita 0.1 na 0.6 kwa sekunde. Nusu walifundishwa na roboti, nusu na wataalamu kwa njia za kawaida, vikao 24 vya saa moja kila mmoja. Waliofundishwa na wataalamu waliongeza kasi na umbali zaidi. Fundi alikuwa kwenye mita 0.26 kwa sekunde, yaani ni mgonjwa wa aina hiyo hiyo. Mwaka 2011 ukatoka utafiti mwingine uitwao LEAPS, wenye wagonjwa 408, ulioangalia mazoezi ya kutembea kwenye mkanda huku mgonjwa amening'inizwa (bila miguu ya roboti) dhidi ya mazoezi ya nyumbani yaliyosimamiwa na mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya wagonjwa wote walikuwa wamepanda daraja katika uwezo wa kutembea, na makundi hayakutofautiana kwa maana yoyote.

Hakuishia hapo, na hili nalisifu. Aliwaambia pia upande wa pili: kwa mgonjwa asiyeweza kutembea kabisa, hasa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, tafiti zikijumlishwa zinaonyesha mashine ya namna hii ikiambatana na fiziotherapia huongeza uwezekano wa kutembea mwenyewe. Angekuwa amelala tu kitandani, ushauri wake ungekuwa tofauti.

Akaweka njia tatu na bei zake: kuendelea na mashine hadi mwisho, kugawanya, au kuacha mashine na kufundishwa nyumbani, kwa 45,000 kwa ziara. Binti alikasirika. "Kwa hiyo dada unaniambia nimetupa hela?" Ilichukua muda kumtuliza. Mwisho baba aliulizwa kwa kadi, akachagua nyumbani, na binti akasema, "Sawa, baba akitaka hivyo."

Matokeo

Vikao 19 vilivyobaki vilikuwa na thamani ya 1,710,000. Mmiliki alikataa kurudisha fedha taslimu, akakubali zigeuzwe kuwa huduma. Splinti ya kushikilia kifundo cha mguu ilichukua 280,000 na ziara 20 za nyumbani zikachukua 900,000. Zikabaki 530,000.

Ziara zilikuwa mbili kwa wiki. Mazoezi yalifanyika uani, kwenye kibao kile kile anachokalia na bomba lile lile analotumia: kukaa na kuinuka, kuhamisha uzito, kuinua mguu juu ya ndoo, kutembea kwenye mchanga na kwenye saruji. Mke na mjukuu walifundishwa kumsimamia siku ambazo mtaalamu hayupo, na mjukuu aliweka alama za chaki ukutani kila babu yake alipomaliza mzunguko. Mama alirudi kwenye maandazi. Dawa zilibadilishwa kidogo na tabibu na zikamezwa kila siku.

Mwisho wa wiki ya kumi ya ziara hizo, mita 10 zilimchukua sekunde 18 akiwa na fimbo na splinti, bila kushikwa. Presha ilikuwa 134/82. Anakwenda msikitini adhuhuri na alasiri akisindikizwa na mjukuu, na anatawadha mwenyewe isipokuwa mguu wa kulia, ambao bado unahitaji mtu wa kusimama karibu. Mkono wa kulia haujarudi kiasi cha kushika randa. Maneno yanaongezeka polepole.

Ile 530,000 haijarudi hadi ninapoandika.

Uchambuzi: lililofaa na lililoharibika

Kosa kubwa lilitokea kabla mgonjwa hajakanyaga mlangoni. Kifurushi kiliuzwa kwa simu, kwa mtu aliye ng'ambo, na mtu wa mapokezi anayepata kamisheni, kwa mgonjwa ambaye hakuna aliyemwona. Kila kilichofuata kilikuwa kuhalalisha malipo yaliyokwisha fanyika. Tazameni ile mistari minne ya faili: "kifurushi kimelipwa" imekaa mahali pa tathmini. Mtaalamu wa kwanza hakuwa mtu mbaya. Alikuta uamuzi umeshafanywa na akaufuata, na shilingi 5,000 kwa kila kikao zilimrahisishia kutouliza. Mgongano wa maslahi hauhitaji mtu mwenye nia mbaya ili ufanye kazi yake.

Katika kikao cha kupitia faili, wengi walitaka tujadili kama mashine "inafanya kazi". Niliwaomba tuache hilo kwanza. Mashine inaweza kufanya kazi na bado ikamdhuru mgonjwa, kama bei yake imekula dawa, nauli na kipato cha anayemuuguza. Katika nyumba isiyo na bima, hela ni moja. Ukichukua milioni mbili kwa ajili ya mguu, umeichukua kutoka kwenye moyo na ubongo wa mtu huyo huyo. Kwa hiyo nashikilia kwamba ridhaa ya matibabu ya bei kubwa haijakamilika mpaka familia imeambiwa mambo matatu: njia nyingine ni zipi, zinagharimu kiasi gani pamoja na nauli, na fedha hii ikitoka, kitakosekana nini nyumbani. Swali la mwisho ndilo tunaloliogopa kwa sababu linaonekana kama kuingilia mambo ya watu. Bi. S aliliuliza kwa kuomba kuona paketi za dawa. Hakuna aliyeona ameingiliwa.

Kuhusu ridhaa ya mgonjwa asiyesema vizuri, somo ni zito. Afasia, yaani kupotewa na usemi baada ya ubongo kuumia, huondoa maneno, na mara nyingi uelewa hubaki kwa kiasi kikubwa. Kadi saba za kuchora kwa kalamu zilimrudishia Fundi nafasi yake katika uamuzi, na zilibadilisha mpango mzima wa tiba. Ziligharimu karatasi. Naona hii ndiyo teknolojia iliyomsaidia zaidi katika kisa chote, na nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Kwa binti, mambo yangeweza kwenda vizuri zaidi. Alisikia kwa mara ya kwanza kwamba uchaguzi wake haukuwa bora akiwa mbele ya wazazi wake, kwenye skrini, mbali, baada ya kukopa. Ilifaa Bi. S ampigie kwanza peke yake, amshukuru, amweleze taratibu, kisha kikao cha familia kifuate. Wanaotuma hela kutoka Ughaibuni mara nyingi hununua kilicho kikubwa na kinachoonekana kwa sababu hawawezi kuwepo. Wakiheshimiwa kwa hilo, husikiliza.

Video ni shauri la pekee. Fundi alirekodiwa akiwa ndani ya mikanda na ikasambazwa kwenye ukurasa wa kliniki na maneno kwamba alikuja hawezi kutembea. Hilo halikuwa kweli: alikuja akitembea kwa kushikwa. Idhini iliyokuwepo ni mke kutikisa kichwa alipoulizwa "tunapiga picha kidogo, mama?" Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi zaidi. Video iliondolewa baada ya familia kulalamika, lakini ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi, na huenda inamshawishi binti mwingine Dubai au Doha hivi sasa.

Na mmiliki? Nilimpa nusu saa yangu peke yake. Deni lake ni la kweli. Nilichomwambia ni kwamba mashine ina wagonjwa wake, wale wasioweza kusimama bado katika wiki za mwanzo, na hospitali za mji ule zinaruhusu watu wa namna hiyo kila wiki wakiwa hawana pa kwenda. Akiwatafuta hao, kwa makubaliano na madaktari wa wodi na kwa bei iliyopunguzwa kwa wasio na bima, atakuwa anauza kitu kinachostahili kuuzwa. Alikuwa anafikiria pia kununua glavu ya roboti kwa ajili ya mkono. Nilimwonyesha utafiti wa RATULS wa Uingereza, wa 2019, wagonjwa 770: mafunzo ya mkono kwa roboti hayakuwapa utendaji bora kuliko huduma ya kawaida. Ameahirisha.

Yaliyokubaliwa, na yaliyobaki

Kliniki sasa inapima presha na mwendo wa mita 10 kabla ya kumwandikisha mtu kwenye kifurushi chochote, na lengo la mgonjwa linaandikwa kwa maneno yake au kwa kadi zake. Hakuna anayelipa zaidi ya vikao sita kwa mkupuo. Bei za njia zote zimebandikwa pamoja, na nauli inaulizwa. Kamisheni imeondolewa kwa wataalamu wanaofanya tathmini.

Kwa mapokezi haijaondolewa. Mmiliki anasema kuandikisha si kutibu. Mimi nasema mapokezi ndiko kisa hiki kilikoanzia, na nimeandika hivyo kwenye ripoti. Tangazo la "fedha ikishalipwa hairudishwi" nalo bado liko ukutani, na ile 530,000 ya familia ya Fundi ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao kijacho.